Tanga Nyuma ya Gari

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa watu wa Pwani mlioko ughaibuni. Wewe uliyekulia Pate, Pemba, Kilwa au Mji wa Kale wa Mombasa, na leo kazi yako iko Southampton, Toronto au Minneapolis. Majira ya joto yakiingia unaiona njiani boti ndogo ya tanga, imekokotwa nyuma ya gari la familia, mlingoti umelazwa juu yake, watoto wamejaa kiti cha nyuma. Roho inakutoka. Jirani ambaye ukoo wake haujawahi kulowa maji ya chumvi anayo. Mimi mjukuu wa manahodha nimekosa nini?

Hujakosa kitu. Boti za namna hii zilizokwisha kutumika ni tele Ulaya na Amerika Kaskazini, na nyingi huuzwa kwa bei ya gari kuukuu. Kuipata si kazi. Kazi ni kuitumia, maana nusu ya boti hizo zinazotangazwa zinauzwa na watu ambao mwaka jana walikuwa na hamu kama yako.

Tuanze na la kwetu. Mwambao wetu haukuzoea chombo cha starehe. Dau, ngalawa, mashua, jahazi, vyote vilijengwa kwa kazi. Wavuvi wakirudi, samaki hugawanywa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake, kwa kuwa kesho kitataka kalafati, kamba na tanga jipya. Kwa hiyo kwetu chombo hujilisha. Mwambie mzee wa Shela kwamba umenunua mashua ya kutembea na watoto Jumamosi, huvui, hubebi boriti wala abiria, atakuuliza tena kama amesikia vizuri. Ndiyo maana gharama za boti ya familia hutuuma sisi kuliko wenzetu. Fungu la chombo halipo. Chombo kinakula, nawe ndiye unayekilisha, mwaka baada ya mwaka, pamoja na miezi ambayo hukigusi.

Hapo ndipo magurudumu yanapoingia. Chombo kinachokaa majini mwaka mzima hutozwa maegesho, na katika bandari za starehe za Uingereza maegesho hayo huhesabiwa kwa urefu wa chombo, mita kwa mita. Kila mwaka kipandishwe juu, kikwanguliwe kome na mwani, kipakwe dawa. Wazee wetu walipaka deheni. Waingereza wanapaka rangi yenye shaba. Boti ya trela inaepukana na mengi ya hayo. Inalala uani kwako chini ya turubai, unaikagua usiku ukiwa na kanzu, na ukitaka kuitengeneza huhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kungoja maji yapwe.

Faida ya pili naiona kubwa zaidi, nayo ni uhuru wa kuchagua maji. Aliyefunga chombo chake mahali pamoja huishi akizunguka ghuba ileile, na siku upepo unapotoka kule anakotaka kwenda atabisha mpaka watoto watapike. Maili 50 za kubisha zinaweza kukumalizia siku mbili. Kwa barabara ni saa moja na kitu, kisha unashusha chombo upande wa pili upepo ukiwa mgongoni. Mwezi huu ziwa, mwezi ujao mto, likizo ikija bahari. Na kwa kuwa chombo chenyewe ni kifupi, na mkuku wake hupandishwa, kinaingia kwenye vijito na fukwe ambazo vyombo vikubwa huzitazama kwa mbali. Mtoto anaruka maji yakiwa magotini. Anayeijua bahari yetu ya ndani ya mwamba anajua thamani ya hilo.

Sasa, chombo gani? Mimi nitakutajia vitatu, navyo vyote vinajulikana sana.

Cha kwanza ni Wayfarer, iliyochorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Ina urefu wa mita 4.8, upana wa mita 1.85, haina chumba, na mwili wake una uzito wa kilo 170 hivi. Zaidi ya 10,000 zimejengwa, na vyuo vya kufundishia kuendesha tanga Uingereza vimeitumia kwa miaka mingi, jambo linaloeleza tabia yake: ni pana, ina subira, inabeba watu wazima wawili na watoto wawili bila kununa. Ukiitia kwenye trela, na vifaa vyake vyote, gari dogo la kawaida linaivuta.

Usidharau udogo huo. Mwaka 1963 Frank Dye alitoka Scotland hadi Iceland kwa Wayfarer ya wazi, namba W48, akiwa na mwenzake mmoja tu. Mwaka uliofuata alielekea Norway, akakutwa na dhoruba, chombo kikapinduka mara nne na mlingoti ukavunjika, wakafika. Boti hiyo leo iko katika jumba la makumbusho ya mambo ya bahari huko Falmouth. Simtaji ili umwige, la hasha, una watoto. Namtaja kwa sababu Dye na baadaye mkewe, Margaret, walikuwa wakitandika turubai juu ya mti wa tanga na kulala ndani ya boti hiyohiyo. Yaani chombo kisicho na chumba kinaweza kuwa nyumba ya usiku mmoja kwa wanaotaka, na wasiotaka wakapiga hema ufukweni.

Cha pili ni kidogo zaidi, Mirror, ya mwaka 1962. Ilibuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, mtu wa vipindi vya ufundi wa nyumbani katika televisheni, na gazeti la Daily Mirror likaidhamini ili mtu wa kipato cha kawaida ajijengee mwenyewe kwa mbao nyembamba zilizoshonwa kwa waya na kuzibwa kwa gundi. Mita 3.3 tu, tanga jekundu. Zimeshajengwa zaidi ya 70,000. Mtu wa Lamu akiitazama atatabasamu, kwa kuwa mlingoti wake ni mfupi na tanga linapandishwa kwa mti mwingine unaokwenda juu pamoja nalo, ndugu yake foromali. Sababu ni ya watu wa trela hasa: miti yote inaingia ndani ya boti, hakuna kinachochomoza nyuma ya gari. Kwa mzazi mmoja na watoto wawili wadogo inatosha. Kwa familia nzima haitoshi, nisikudanganye.

Cha tatu ndicho ambacho moyo wako utakiendea, najua. Catalina 22 ya Marekani, kazi ya Frank Butler, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Zaidi ya 15,000 zimetoka kiwandani. Mita 6.5. Ina chumba, ina vitanda vya watu wanne, muuzaji akiapa watano. Ina jiko dogo la kupikia na mahali pa choo cha kubebeka. Mama watoto akiingia na kuona vidirisha vyenye mapazia, biashara imekwisha.

Hapo sasa tusimame. Kutoka mita 4.8 hadi 6.5 masikioni ni hatua mbili tu. Kwenye mizani ni jambo jingine kabisa. Catalina 22 ina uzito wa zaidi ya tani moja, na kati yake kilo 250 hivi ni mkuku wa chuma unaoning'inia kwenye kigingi na kupandishwa kwa waya na winchi. Kigingi hicho na waya huo ndivyo vitu vya kwanza kukagua ukienda kuinunua, kabla ya mapazia. Ongeza trela, mashine ya nyuma, mafuta, nanga, maji ya kunywa na vikorokoro vya watoto, unavuta tani moja na nusu au zaidi. Gari lako dogo haliwezi. Kwa hiyo boti ya bei nafuu inakudai gari jipya, na gari hilo utalitia mafuta mwaka mzima, hata siku unayokwenda kununua mkate. Uingereza imelegeza sharti la leseni: tangu Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari hahitaji mtihani wa ziada kuvuta trela ya hadi kilo 3,500. Lakini trela ikipita kilo 750 lazima iwe na breki zake, na breki zinazotumbukizwa kwenye maji ya chumvi ni breki zinazokufa taratibu.

Uzito wenyewe ungevumilika. Kinachoziacha boti hizi uani ni muda. Ukifika majini na Wayfarer, watu wawili wanausimamisha mlingoti kwa mikono, wanafunga henza na kamba zake, na katika nusu saa hivi mmo majini. Catalina ina mlingoti wa alumini wa zaidi ya mita 7 wa kuinuliwa ukiwa umesimama juu ya boti iliyo juu ya trela, waya zake za kunyooshwa moja moja, usukani wa kupachikwa, mashine ya kushushwa, chumba cha kupangwa. Mzoefu saa nzima. Asiye mzoefu saa mbili, watoto wakiuliza kila baada ya dakika tano tunaondoka lini. Jioni yote hayo yanafanywa kinyume, mmechoka, mmeungua na jua, na kesho ni shule. Familia huvumilia mara ya kwanza kwa shangwe, ya pili kwa heshima. Baada ya hapo kila Jumamosi inapatikana sababu.

Ndiyo maana nasema faida na hasara ya boti hii zimetoka mahali pamoja. Magurudumu yanakuondolea kodi ya bandari, kisha yanakutoza kwa jasho kila unapotaka kwenda baharini. Aliyefunga mashua yake majini anarukia ndani, anapandisha tanga, basi. Wewe unaijenga boti yako upya kila safari.

Nizungumzie na mteremko wa kushushia, kwa sababu huko ndiko ndoa hujaribiwa. Kupiga rivasi na trela kunamchanganya dereva aliyeendesha miaka 20: ukikata usukani kulia trela inakwenda kushoto. Dawa ni rahisi. Shika usukani sehemu ya chini. Sasa mkono ukienda kulia, trela nayo inakwenda kulia. Fanya mazoezi asubuhi ya Jumapili kwenye maegesho matupu ya duka kubwa, peke yako, wala si Jumamosi mchana mbele ya watazamaji wenye vikombe vya chai. Na mkubaliane mapema nani anatoa amri. Manahodha wengi chombo huenda mrama hata kikiwa bado juu ya trela.

Mambo mawili ya hapo yanaua au yanafilisi, nayo hayasemwi vya kutosha. Moja ni nyaya za umeme. Mlingoti wa alumini uliosimamishwa kwenye maegesho, ukasukumwa mita chache kuelekea majini, ukagusa waya uliopita juu, humuua aliyeshika boti. Kabla hujainua mlingoti, inua macho. Mfundishe kila mtoto kufanya hivyo, iwe desturi kama bismillahi. La pili ni beringi za magurudumu ya trela. Umeendesha saa mbili, beringi zimepata moto. Unarudisha trela majini papo hapo, zinapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi yapite kwenye mpira wa kuzibia. Girisi inaharibika, kutu inaingia, na siku moja gurudumu linakatika kwenye barabara kuu ukiwa na boti nyuma na familia mbele. Ziache zipoe wakati mnasimamisha mlingoti. Jioni zioshe kwa maji baridi, zitie girisi mara kwa mara, na uwe na spea garini.

Kuna pia boti za trela ambazo farumi yake ni maji. Ni ubunifu mzuri: njiani tangi liko tupu na mzigo ni mwepesi, ukifika majini unalijaza chombo kinatulia. Lakini hekima hiyo ina sharti, kwamba lazima ulijaze. Tarehe 4 Julai 2002, katika Ziwa Champlain huko Marekani, boti ya aina hiyo ilikuwa imejaza watu huku tangi lake likiwa tupu. Ikapinduka, na watoto wawili waliokuwa chumbani wakafa. Mzee yeyote wa jahazi angekwambia kwamba chombo kitupu chenye watu juu ni hatari kuliko chombo kilichopakia. Maarifa hayo unayo tayari kutoka nyumbani. Usiyaache uwanja wa ndege.

Maarifa mengine ya nyumbani, kwa bahati mbaya, yatakudanganya. Wewe ulijifunza kuogelea kabla hujajua kusoma, kwa hiyo jaketi la kujiokolea unaliona la wageni. Bahari ya Zanzibar mwezi Agosti, wakati tunapolalamika kwamba maji ni baridi, huwa nyuzi 25 hivi. Mlango wa bahari wa Uingereza mwezi Aprili ni nyuzi 9 au 10. Ziwa Superior hata mwezi Juni liko chini ya nyuzi 10 sehemu nyingi. Ukitumbukia humo, pumzi inakatika na kuruka yenyewe, na dakika ya kwanza yote unapigana usimeze maji. Ukiivuka, ndani ya dakika kumi hivi vidole vinakataa kushika kamba. Kuogelea kwako kwa Forodhani hakukusaidii hapo. Linalokusaidia ni jaketi lililokwisha kufungwa kifuani. Na Wayfarer, pamoja na subira yake yote, hupinduka. Haina mirengu kama ngalawa. Basi ipindueni kwa makusudi siku ya joto, karibu na ufuko, mkiwa na mtu anayejua, kila mmoja ajue kusimama juu ya ubao wa katikati na kuirudisha, na kufua maji kwa upo. Watoto wataipenda siku hiyo kuliko zote.

Kwa mlioko Minnesota, jimbo linalojinadi kuwa na maziwa 10,000, kuna sheria ya kuzingatia: ukitoka ziwani unang'oa kizibo na kumwaga maji yote kabla ya kuingia barabarani. Wanawaogopa kome wadogo wenye mistari wanaosafiri kwa trela kutoka ziwa hadi ziwa. Sisi tulioona gugu maji lilivyoifanya pwani ya Kisumu hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Najua wapo watakaouliza kama boti hiyo unaweza kuipakia kwenye kontena ukarudi nayo nyumbani. Inawezekana, na Msasani, Kilifi na Naivasha wapo wanaoendesha boti za tanga za namna hiyo. Mimi sishauri. Maji yetu siku za bamvua hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, miteremko ya zege ni michache, na ukichelewa kurudi trela itazama kwenye tope huku boti imepwelewa mbali. Naivasha hakuna kupwa na kujaa, ila kuna viboko, ambao hawajui sheria za kupishana. Ukirudi nyumbani, nenda Matondoni au Nungwi, kaa na fundi, akujengee mashua ndogo ya mbao unayoweza kuifunga mbele ya nyumba yenu. Huko trela haina kazi, na hela yako imebaki kwa fundi wa kwetu.

Lakini huko uliko, ushauri wangu ndio ule: chukua kilicho chepesi, kisicho na chumba, kinachobeba wote mlio nyumbani kwa siku moja. Vitanda viacheni, hoteli na mahema yapo. Kabla ya yote mjiunge na chama cha waendesha tanga cha karibu, mpande boti za wenzenu msimu mmoja; mara nyingi wanatafuta mtu wa kushika kamba, na mtu wa Pwani wanampokea vizuri. Kisha mkienda kutazama boti ya kununua, mwende nyote, na mwambieni muuzaji aache mikono mfukoni. Usimamisheni mlingoti wenyewe, wewe na mwenzio, watoto wakishika kamba, kisha mlaze tena, saa ikihesabu. Ikiwachukua zaidi ya dakika 40, au mkianza kufokeana, mshukuruni muuzaji kwa muda wake na mrudi nyumbani na hela zenu.